Kila Mtu Hapa Alivuka Maji: Historia ya Watu wa Mofwe na Ziwa Mweru



Makala ya safari hii ni ya historia. Hatukuenda mbali kuitafuta. Tumechukua historia ya hapa hapa tunapoishi, kwa sababu kuna neno moja linatusumbua: neno "wageni". Kwenye bomba la maji, sokoni, hata darasani, maneno yakianza kuwa makali utasikia mtu anasema, "Ninyi ni wageni, mlikuja juzi." Ni kweli, tulikuja juzi. Wengi wetu tulivuka kuanzia Agosti 2017. Lakini tukajiuliza: hao ambao si wageni, wao walikuja lini? Na walipofika, walikaaje na wale waliowakuta?

Tuanze na mahali penyewe. Mofwe ni ziwa dogo lenye matete mengi, kusini mwa Ziwa Mweru, kwenye bonde la mto Luapula, karibu na Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe. Ukienda kaskazini unafika Nchelenge na Kashikishi, kwenye ufuko wa Mweru. Ziwa lenyewe ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Luapula inaingia upande wa kusini, na mto Luvua unatoka upande wa kaskazini, pale pale Pweto, kwenda kuungana na Lualaba. Manake maji yanayopita mbele ya Nchelenge ndiyo yanayotoka Pweto. Sisi tulitoka kule yanakokwenda.

Sasa watu. Wazee wa bonde hili wanaposimulia, wa kwanza kabisa wanawataja Wabwilile. Hao ndio waliokutwa. Baada yao wakaja Washila, wavuvi, chini ya mkubwa wao aliyeitwa Nkuba. Washila walitoka mashariki, upande wa nchi ya Wabemba. Wakashika ziwa, visiwa na mabwawa, Wabwilile wakawa chini yao. Kwa hiyo hata kabla ya Walunda kufika, ufuko huu ulikuwa umeshabadilisha wenyewe mara moja.

Walunda walitoka magharibi, kwenye ufalme wa Mwata Yamvo, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Yaani walitoka upande ule ule tuliotoka sisi. Kazembe wa kwanza aliitwa Ng'anga Bilonda. Aliyemfuata, Kanyembo, ndiye aliyeongoza watu kuvuka Luapula, karibu na mwaka 1740. Walikuja na mikuki, na njiani walishinda wengi. Ndiyo maana kila mwaka mwishoni mwa Julai, kwenye sherehe ya Mutomboko pale Mwansabombwe, Mwata anacheza akiwa na silaha mkononi. Ni ngoma ya kukumbuka kuvuka na kushinda.

Lakini habari ambayo watu wa hapa wanaijua zaidi ni ya mwanamke, Nachituti. Alikuwa dada wa Nkuba. Inasimuliwa kwamba Nkuba alimuua mtoto wa dada yake. Nachituti akalia, akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba kisasi. Walunda wakamuua Nkuba. Ndipo Nachituti akampa Mwata kikapu cha udongo na chungu cha maji: udongo ndio nchi, maji ndiyo ziwa na mabwawa yake.

Tumeijadili sana habari hii kwenye kikundi chetu. Wengine walisema ni hadithi tu ya washindi kujihalalisha: ulichukua nchi kwa mkuki, halafu unasema ulipewa kwenye kikapu. Inawezekana. Lakini hata hivyo inatufundisha kitu. Walunda walikuwa na nguvu, wangeweza kusema tu "tulishinda, basi". Hawakuona kwamba hiyo inatosha. Walihitaji kuweza kusema kwamba mwenyewe wa nchi aliwapa kwa mkono wake. Na hawakuwafuta waliokuwapo: wazee wa Kishila waliendelea kuheshimiwa kama wenyewe wa mabwawa, ndio wanaojua kusema na mizimu ya maji. Mwata alitawala watu, maji yakabaki na wazee wake.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Walunda waliotawala leo hawasemi Kilunda nyumbani. Wanasema Kibemba cha huku. Kilunda kimebaki kwenye majina ya sifa na kwenye mambo ya ikulu ya Mwata. Watawala walioa kwa waliotawaliwa, watoto wakalelewa na mama zao, na lugha ya mama ikashinda. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba anayefika mahali lazima apoteze kila kitu, au kwamba anayeshinda anabaki vile vile, mwonyeshe Mwansabombwe.

Hata chakula kilivuka. Sisi tunasema bukari, watu wa hapa wanasema ubwali, na mara nyingi unga ni wa muhogo. Sisi tunasema sombe, wao wanasema katapa, majani ni yale yale. Muhogo asili yake ni Amerika. Uliletwa Afrika na Wareno, ukaingia bara kutoka pwani ya Atlantiki, ukapita kwenye nchi za Walunda mpaka ukafika huku. Mreno Gamitto alipofika kwa Kazembe mwaka 1831 aliukuta ndio chakula cha watu. Leo unaitwa chakula cha asili cha Luapula. Hakuna anayeuambia "wewe mgeni".

Na Kiswahili je? Kuna wanaofikiri Kiswahili kililetwa hapa na wakimbizi. Hapana. Makao ya Kazembe yalikuwa kituo kikubwa cha biashara. Watu walitoka pwani mbili, ile ya Atlantiki na ile ya Bahari ya Hindi, wakikutana hapa kwa ajili ya shaba, chumvi na pembe za ndovu, na pia, tuseme ukweli, kwa ajili ya watumwa. Mwaka 1806 walifika wafanyabiashara wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, wakakaa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuendelea hadi Tete. Kutoka mashariki walikuja Waarabu na Waswahili. Livingstone alipofika kwa Kazembe, Novemba 1867, alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani ambaye alikuwa ameishi huku miaka mingi, na hakuruhusiwa kuondoka. Mtu huyo ameishi ugenini bila kujua atarudi lini. Baadaye aliondoka pamoja na Livingstone. Kwa hiyo Kiswahili kwenye Mofwe ni kikubwa kuliko mpaka wenyewe wa Zambia na Kongo.

Mwingine aliyepita ni Msiri, mtoto wa Unyamwezi, nchi ambayo leo ni Tanzania. Alipita kwa Kazembe kwenda Katanga kufanya biashara. Alikuja kama mgeni, akaishia kuwa mfalme wa Bunkeya, na akaikata njia ya biashara ya Kazembe upande wa magharibi. Aliuawa mwezi wa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Hii nayo tuiseme, kwa sababu si kila mgeni anakuja kwa heri, na wenyeji wa huku wana sababu ya kukumbuka.

Halafu ukaja mpaka. Mwaka 1894 Waingereza na watu wa Leopold walikubaliana kwamba Luapula na Ziwa Mweru ndiyo itakuwa alama kati yao. Kisiwa cha Kilwa kikawa upande wa Waingereza, na mji wa Kilwa ukabaki Kongo: jina moja, nchi mbili. Watu wa ukoo mmoja wakaamka wako chini ya bendera mbili. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yalifika Mwansabombwe, yakayachoma makao ya Mwata, na Mwata mwenyewe akakimbia. Ndiyo, Mwata Kazembe naye aliwahi kuwa mkimbizi, kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Miaka iliyofuata watu walivuka mto kila upande. Profesa Mwelwa Musambachime, mwanahistoria wa Zambia aliyeandika mengi kuhusu bonde hili, ameeleza jinsi watu walivyokimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine miaka ya 1900 hadi 1940. Walikimbia kodi. Walikimbia kazi ya nguvu na kubebeshwa mizigo ya vita. Kodi ikipanda huku, mtumbwi unaenda kule. Askari wakizidi kule, mtumbwi unarudi huku. Karibu na mwaka 1910, ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya upande huu iliwaondoa watu kwa lazima kwenye ufuko wa Mweru na kando ya Luapula, wakapelekwa mbali na maji. Wavuvi bila ziwa! Wengi wakaona heri kuvuka kwenda Kongo. Baada ya miaka wakaruhusiwa kurudi, lakini vijiji havikurudi vile vile. Huyu alirudi, yule alibaki ng'ambo, mwingine alijenga mahali pa jirani yake wa zamani.

Kisha migodi ikaita. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910. Vijana wa Luapula walikwenda kufanya kazi Katanga, na wengi walirudi na Kiswahili. Ukikutana na familia za Kizambia zenye babu aliyejua Kiswahili, ndiko kilikotoka. Na wafanyakazi wa migodi walihitaji kula. Wagiriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki wa Luapula na Mweru, wakawapeleka kwenye barafu mpaka mjini. Samaki mkubwa wa biashara alikuwa mpumbu, aliyepanda mto kutaga mayai kila mvua ikianza. Alivuliwa sana pale pale alipokuwa akipanda, na kabla ya mwaka 1950 alikuwa amekwisha kupungua vibaya. Watu wakahamia kwa pale. Pale naye alipopungua, kuanzia miaka ya 1980 ikawa zamu ya chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, na hapo ba mama wengi wakaingia kwenye biashara. Hata samaki wa ziwa hili wana historia ya kubadilishana nafasi.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Lakini tayari, Katanga ilipojitenga mwaka 1960, watu wa kwetu walikuwa wameanza kuvuka tena. Vita iliyoanza Agosti 1998 ilileta wengi zaidi. Kambi ya Mwange ilifunguliwa Mporokoso mwaka 1999, ya Kala ikafunguliwa Kawambwa mwaka 2000. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka, makumi ya maelfu walikimbilia upande huu kwa wakati mmoja, raia na askari pamoja. Mwaka 2004, mauaji ya mji wa Kilwa yaliua watu zaidi ya 70, na waliopona wengi walipanda mitumbwi. Mwaka 2007 watu wakaanza kurudishwa kwao, na kufikia 2010 kambi zote mbili zilifungwa. Watu waliimba siku ya kuondoka.

Haikuchukua hata miaka 10. Agosti 2017 watu wa Haut-Katanga na Tanganyika walianza kuvuka tena, wakapokelewa kwenye kituo cha Kenani, na Januari 2018 Mantapala ikafunguliwa. Baadhi ya wazazi wetu walikuwa wakijua njia, kwa sababu walishawahi kuipita. Kuna watu kati yetu waliozaliwa Kala au Mwange, wakarudi Kongo wakiwa watoto, na sasa wanalea watoto wao Mantapala. Kwenye karatasi wanaandikwa kwamba "walifika 2018". Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hili tunawaomba mliangalie. Tarehe ya kusajiliwa ni ya kweli, lakini mtu hakuanza siku hiyo.

Mambo kama haya hayatokei Luapula peke yake. Huko Hungaria, Ulaya, karibu na mji wa Budapest, kuna mahali panaitwa Budaörs. Vita na Waturuki vilipokwisha, nchi ile ilikuwa na vijiji vitupu vingi, na katika karne ya 18 Wajerumani wakaletwa kukaa. Walilima, walijenga, walizikwa pale kwa zaidi ya miaka 200. Januari 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, ndipo Wajerumani hao walianza kupakiwa kwenye treni na kufukuzwa. Kwenye vijiji vya namna hiyo nyumba zao zilichukuliwa na watu wengine, kati yao Wahungaria waliokuwa wamefukuzwa Slovakia. Mkimbizi aliwekwa ndani ya nyumba ya mkimbizi mwingine. Tunaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha njia mbaya kabisa ya kujibu swali la nani mwenyeji: kuhesabu damu, halafu kufukuza. Miaka 200 haikuwasaidia wale watu. Kukaa muda mrefu peke yake hakutoshi kumfanya mtu awe mwenyeji, kama majirani hawajakubali hivyo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, tunasema kwamba kwa kuwa kila mtu alivuka maji, basi ardhi haina mwenyewe? Hapana. Tungesema hivyo tungekuwa tunatukana watu waliotupokea. Shamba lina aliyelifyeka. Bwawa lina wazee wake. Ziwa lina sheria zake: kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ili samaki wazae, na habari ya mpumbu inatuambia kwa nini. Anayekuja leo akavua kwa siri mwezi wa Januari anaharibu jina la wote waliokuja pamoja naye.

Tunachosema ni hiki: kwenye bonde hili, mwenyeji na mgeni ni watu waliofika kwa zamu, na kila kundi lilipewa nafasi kwa kufanya kazi ya kuitafuta. Washila walijua maji. Walunda walioa, wakachukua lugha ya waliowakuta, wakawaheshimu wazee wa mabwawa. Koo zilizokuwa zikipigana zikawekeana utani, na leo wanatukanana kwenye msiba na kucheka. Hakuna aliyepata uenyeji kwa kukaa kimya akingoja.

Kuna Mwingereza, Ian Cunnison, aliyeishi Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuandika kitabu juu ya watu wa huku. Aliona jambo ambalo sisi pia tunalisikia. Mzee aliyerithi jina la babu yake anaposimulia, hasemi "babu yangu alivuka". Anasema "mimi nilivuka, mimi nilimkuta fulani, mimi nikampa binti", ingawa mambo hayo yalitokea miaka 200 iliyopita. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, alipoandikiwa historia ya Walunda kwa Kibemba, kitabu kilichotoka mwaka 1951, kilipewa jina Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani Wahenga Wangu na Watu Wangu. Historia hapa husemwa na anayeibeba.

Ndiyo maana sisi tumeandika "sisi". Sisi tulivuka mwaka 2000 usiku, Pweto ikiwaka. Sisi tulirudi kwa furaha. Sisi tulivuka tena. Wengine kati yetu hatukuwa tumezaliwa, lakini kwa desturi ya Luapula tuna haki ya kusema hivyo, maadamu kuna anayetukabidhi.

Na hapo ndipo penye hatari. Wanaoweza kutukabidhi wanazeeka, wengine tumeshawazika hapa Mantapala. Watoto waliozaliwa hapa wanajua Kibemba cha darasani na Kiswahili cha nyumbani, lakini ukiwauliza kijiji cha nyanya yao kinaitwaje, wananyamaza. Mtu asiyejua alikotoka, akiambiwa "wewe mgeni tu", hana la kujibu, anabaki na hasira tu. Na hasira ya vijana, sote tumeona kule tulikotoka inatumiwa na nani.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili, na yote hayahitaji bajeti. Kwanza, wiki hii kaa na mzee mmoja wa kwenu. Muulize alizaliwa wapi, alivuka wapi, mwaka gani, nani alimpa chakula siku ya kwanza upande huu. Andika kwenye daftari, si kwenye simu tu, simu inaibiwa. Pili, nenda kwa jirani Mzambia, piga magoti kidogo kama inavyofaa, sema "Mwapoleni", na umuulize maswali yale yale. Utashangaa ni mara ngapi atakutajia jina la kijiji kilicho ng'ambo, upande wa kwetu.

Mkishaandika, leteni. Tutazisoma pamoja siku ya kikundi, zenu na zao.